Komisheni Si Pesa ya Chai

"Mapato hayana kikomo." Ukiona hayo maneno yamebandikwa kwa nguzo ya stima hapa Kitale, ama kwa status ya msee mnajuana, jua tu hakuna mshahara. Hayana kikomo kwa juu, sawa, lakini pia hayana sakafu kwa chini. Mwezi ukiuza, bosi ataangalia kama atakulipa. Mwezi usipouza, umemfanyia kazi bure siku thelathini na nauli ilikuwa yako.

Mimi si wakili. Niliacha chuo mwaka wa pili na hata sikuwa nasomea sheria, kwa hivyo wale wa "kwani wewe uko na digrii ya nini" nimewatangulia. Lakini sheria za Kenya ziko bure kwa tovuti ya Kenya Law, pamoja na hukumu za mahakama, na mtu yeyote mwenye bando ya 50 bob anaweza kuingia na kutafuta kesi za komisheni. Utakesha. Mawakala wa bima, wauzaji wa magari, mabroka wa ploti, watu wazima na familia zao, wote wanaeleza jaji kitu kimoja: niliuza, nikaahidiwa, nikarukwa.

Nasema kitu kimoja tu leo na nitakirudia mpaka mchoke. Komisheni ni mshahara. Si zawadi, si asante, si kitu bosi anatoa siku ameamka vizuri. Ukishauza kile kitu kwa masharti mliyokubaliana, ile pesa ni yako, imekaa tu kwa mfuko wa mtu mwingine. Akiitumia kulipia ofisi yake kodi, amekopa kwako bila kukuuliza, na riba halipi.

Niwape mfano wa karibu. Binamu yangu, mtoto wa shangazi, anaishi Bungoma pande za Kanduyi. Mwaka jana aliuzia kampuni moja (jina naacha, mtaona kwa nini huko chini) vyombo vya nyumbani vya lipa mdogo mdogo: majiko, taa, redio. Alizunguka Chwele, Kimilili, Webuye, kwa miguu na kwa boda, jua na matope. Makubaliano yalikuwa shilingi 600 kwa kila mteja akishalipa deposi. Miezi mitatu, wateja 64. Piga hesabu: 38,400. Alichoona ni 9,000, kwa mafungu mafungu, kutoka kwa M-Pesa ya supavaiza, si ya kampuni.

Akauliza zingine. Ndio stori za jaba zikaanza. Kwanza "sistimu iko chini". Kisha "tageti ilikuwa wateja 30 kwa mwezi, wewe hukufika", na hiyo tageti hajawahi kuiona imeandikwa popote. Halafu ikawa wateja wengine wameacha kulipa, kwa hivyo komisheni zao zimerudi kwa kampuni. Siku alienda ofisini na daftari lake, majina yote 64 na nambari za simu, akaambiwa: "Madam, wewe hukuwa mfanyakazi wetu. Wewe ni ajenti wa kujitegemea. Soma karatasi."

Fiti, tuisome. Karatasi ilisema hivyo kweli. Lakini huyo ajenti wa kujitegemea alitakiwa kuripoti ofisini saa mbili kasorobo kila asubuhi. Alivaa tisheti yao na beji yao. Akichelewa anakatwa 200. Alipangiwa leo ni wapi na kesho ni wapi. Hakuruhusiwa kuuza kitu cha mtu mwingine, hata sabuni. Akitaka siku moja aende matanga, anaomba ruhusa kwa grupu ya WhatsApp mbele ya kila mtu. Kujitegemea gani huko? Mama anayeuza sukuma sokoni hapa Kitale ndiye anajitegemea. Anafungua akitaka, anafunga akitaka, na hakuna mtu wa kumwita kwa rejista.

Na hapo ndipo watu wengi wanakata tamaa bure. Wanaona neno "ajenti" kwa karatasi na sahihi yao chini, wanadhani mambo yameisha. Hayajaisha. Mahakama haiangalii jina peke yake. Inauliza nani alikuwa anaamua saa za kazi, nani alikuwa na nguvu ya kukuadhibu, vifaa ni vya nani, na wewe ulikuwa sehemu ya biashara yake ama ulikuwa na biashara yako. Mnakumbuka madereva wa Uber kule Uingereza? Mkataba wao ulisema wanajitegemea. Mwezi wa Februari 2021 Mahakama ya Juu ya huko ikasema hapana, tunaangalia kazi yenyewe vile inafanyika, na hawa ni wafanyakazi wenye haki. Hiyo si sheria ya Kenya, jaji wa hapa hafungwi nayo. Lakini swali ni lile lile, na mabosi wetu wanaogopa sana likiulizwa.

Juu ukishaonekana wewe ni mwajiriwa, Sheria ya Ajira ya 2007 inafunguka yote. Kifungu cha 9 kinasema kazi ya miezi mitatu au zaidi iwe na mkataba wa maandishi, na kuuandika ni jukumu la mwajiri, si lako. Kifungu cha 10 kinataka uandikiwe kiwango cha malipo, namna kinavyohesabiwa, na unalipwa kila baada ya muda gani. Halafu kuna sehemu moja tamu sana humo ndani, kifungu cha 10 kijisehemu cha 7. Kesi ikifika kortini na mwajiri ashindwe kuleta hizo karatasi, mzigo wa kuthibitisha au kupinga lile sharti unalodai unakuwa wake. Soma tena hapo. Wale wanaokwambia "huna mkataba, utatupeleka wapi?" wanajipiga risasi mguuni wenyewe. Kukosa mkataba kwa mwajiriwa si shida yako peke yako, na kortini inaweza kuwa shida yao zaidi.

Kuna zingine. Kifungu cha 19 kimeorodhesha vitu mwajiri anaweza kukata kwa mshahara, na "mteja wa Chwele ameacha kulipa redio" hakiko kwa hiyo orodha. Hata ukifutwa papo hapo kwa kosa lako mwenyewe, kifungu cha 18 kinasema ulichochuma mpaka siku hiyo kinalipwa. Na kutolipa mshahara si deni tu, ni kosa la jinai: kifungu cha 25 kinataja faini ya hadi shilingi 100,000 au kifungo cha hadi miaka miwili, au vyote viwili. Nani amewahi kuona bosi amefungwa Kitale kwa sababu ya komisheni? Mimi bado.

Sasa nifike kwa kitu kinanikera zaidi, na hapa sirushi mawe kwa mabosi. Narusha kwa wale wanatunga sheria.

Kenya iko na Mahakama ya Madai Madogo, iliyoundwa na sheria ya 2016. Hiyo kitu kwa karatasi ni safi sana. Inasikiza madai ya mpaka shilingi milioni moja. Unaweza kusimama mwenyewe bila wakili. Haifungwi na zile kanuni ngumu za ushahidi. Kesi inatakiwa iishe ndani ya siku 60. Ukiisoma unasema, maze, hii waliandika wakifikiria mtu kama binamu yangu, 29,400 zake na daftari lake. Halafu unafika kifungu cha 13, na huko ndani kumeandikwa kwamba mahakama hii haitapokea kesi za kashfa, kesi za umiliki wa ardhi, wala mambo ya ajira na mahusiano ya kazi.

Yaani fundi aliyepaka nyumba yako rangi anaweza kwenda huko. Mtu aliyekuuzia mahindi kwa deni anaweza. Msichana aliyeuza redio 64 akilipwa kwa kila redio, hapo anaanza kuulizwa yeye ni nani.

Na ona vile hii inampa bosi mchezo wa milango miwili. Ukienda Madai Madogo, wakili wake anasimama na kusema, mheshimiwa, huyu alikuwa mwajiriwa, alivaa hata tisheti yetu, korti hii haina mamlaka. Ukienda korti ya mambo ya ajira, wakili yule yule anasema, mheshimiwa, huyu hakuwa mwajiriwa, ni ajenti wa kujitegemea, korti hii haina mamlaka. Mtu mmoja, kazi moja, pesa moja, na mlango wowote unaobisha unaambiwa umekosea nyumba. Wakati mnabishana wewe ni mnyama gani, hakuna mtu ameuliza kama redio ziliuzwa.

Najua jibu la wasomi. Katiba ya 2010, ibara ya 162, ilisema mambo ya ajira yawe na mahakama yake yenye hadhi ya Mahakama Kuu. Poa. Lakini hiyo hoja ilishapigwa kona kitambo. Mahakimu wa kawaida walipopewa kesi za ajira, watu walienda kortini kupinga, na mwaka wa 2017 Mahakama ya Rufaa ikasema bunge linaweza kuwapa mahakimu hiyo kazi. Mwaka wa 2018 ikatoka notisi ya gazeti la serikali: hakimu mkazi mwandamizi kwenda juu anaweza kusikiza kesi ya ajira kama mshahara wako kwa mwezi hauzidi shilingi 80,000. Kwa hivyo usiniambie haiwezekani. Bunge likitaka, linafuta hayo maneno machache kwa kifungu cha 13, linaandika kwamba dai la komisheni ama mshahara usiolipwa chini ya milioni moja linaweza kusikizwa Madai Madogo, uitwe mwajiriwa ama uitwe ajenti. Ni marekebisho ya sentensi moja.

Serikali ikitaka komisheni, haipotezi njia. Sheria ya Fedha ya 2023 ilitukumbuka chap chap. Sisi wa kontenti asilimia 5, wale wa kutangaza na kunadi bidhaa asilimia 5, inakatwa kabla hujaigusa. Hakuna mtu alibishana kama wewe ni mwajiriwa ama unajitegemea. Ushuru ulijua mlango.

Niseme kidogo kuhusu mabroka wa ploti, juu hapa Trans Nzoia wako wengi kuliko bodaboda na huwa mnaniandikia sana. Yenu ni ngumu zaidi, nisiwadanganye. Kuna sheria ya mawakala wa mali, Sura ya 533, inayotaka mtu anayefanya hiyo kazi awe amesajiliwa. Hujasajiliwa, unaanza kesi ukiwa umechechemea. Na hata ukiwa umesajiliwa, swali ni lini komisheni yako imeiva. Ni siku ulileta mnunuzi? Siku mkataba ulisainiwa? Ama siku pesa yote iliingia?

Kuna kesi ya zamani ya Uingereza ya 1941, Luxor dhidi ya Cooper. Cooper aliahidiwa pauni 10,000 akileta mtu wa kununua majumba mawili ya sinema, alipwe mauzo yakikamilika. Akaleta mnunuzi, mwenye pesa na tayari. Wenye mali wakabadilisha nia. Ikafika mpaka juu kabisa, na Cooper akatoka mikono mitupu, kwa sababu ahadi ilikuwa ya mauzo yaliyokamilika na hayakukamilika. Jaji mmoja hata aliona pauni 10,000 kwa kazi ya siku nane ama tisa, pesa ya jaji mkuu wa huko kwa mwaka mzima, ni zawadi kubwa kiasi kwamba wakala anaweza kubeba hiyo hatari. Mimi sikubaliani naye, lakini hakuniuliza. Ndio maana nawaambia mabroka wa Kiminini na Maili Saba: ile asilimia mnapigania siku nzima ina maana ndogo kuliko neno "ikikamilika". Hilo neno moja ndilo linakula komisheni yako.

Hii pia inamhusu binamu. Kama karatasi yake ingesema komisheni inaiva mteja akimaliza kulipa chombo chote, mimi singekuwa na kelele nyingi hivi. Ingekuwa makubaliano mabaya, lakini makubaliano. Yake ilisema deposi. Deposi zililipwa, kampuni ikazipokea, ikaziweka. Huwezi kubadilisha mahali pa goli baada ya mtu kufunga.

Kuna watu watasema, buda, biashara ni ngumu huku kwetu, ukishtaki kila bosi kazi zitaisha. Nasikia. Webuye wanajua vile mji unakaa kiwanda kikifunga, Pan Paper iliwafundisha. Wafanyakazi wa Nzoia wanajua kusubiri mshahara ambao hauji. Hii kanda yetu imezoea kudai mpaka kudai kumekuwa kama hali ya hewa, unatoka nje unaangalia juu unasema leo pia hakuna. Lakini angalia hiyo kampuni ya vyombo. Gari la bosi lina mafuta. Kodi ya ofisi imelipwa, la sivyo mwenye nyumba angefunga. Muuzaji wa tisheti alilipwa, la sivyo hangetoa tisheti. Kila mtu mwenye uwezo wa kufunga kitu alilipwa. Aliyebaki ni yule aliyeleta pesa yenyewe, kwa sababu yeye hana kufuli.

Na nyinyi wenzangu wa kontenti, tusikwepane. Wangapi wenu mmechukua elfu tano kutangaza "nafasi za kazi" na hamkuuliza swali moja kuhusu malipo? Wangapi wanapost kila Jumatatu ati kijana mvivu anataka mshahara na kijana shujaa anataka komisheni? Huyo shujaa anakula nini tarehe 28? Wale wa motisheni mnalipwa kiingilio mlangoni kabla hamjafungua mdomo. Jaribuni siku moja mlipwe komisheni, kwa kila mtu aliyefanikiwa baada ya kuwasikiza, halafu tuone kama mtapanda jukwaani.

Sasa vitu vya kufanya, haraka haraka, juu wengi mnauliza. Usifute chati. WhatsApp ni ushahidi kortini, kuna cheti kinahitajika chini ya kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi, lakini hakuna cheti cha chati uliyofuta. Bosi akikwambia kiwango kwa mdomo, rudi kwa simu umwandikie: "Sir, kama tulivyoongea leo, ni 600 kwa kila mteja akilipa deposi, na malipo ni kila tarehe 30." Akijibu hata kidole gumba tu, uko na kitu. Weka daftari lako nyumbani, si kwa droo ya ofisi. M-Pesa zote, hata za supavaiza, chukua taarifa na uhifadhi, maana zinaonyesha kiwango mlichokuwa mnatumia.

Kisha afisa wa leba. Kumpelekea malalamiko hakuhitaji wakili, na barua yake peke yake huwa inawashtua wengine wakalipa. Ikishindikana, kwa wengi wetu wenye mapato chini ya 80,000 ni hakimu. Na Bungoma sasa kuna Mahakama ya Ajira inayokaa hapo hapo, si lazima mtu afikirie Kisumu. Kama kweli wewe ulikuwa unajitegemea, saa zako na mbinu zako, basi Madai Madogo ni yako, nenda.

Angalia kalenda. Dai la ajira lina miaka mitatu. Deni la mkataba wa kawaida lina sita. Umeona tena? Yule mwajiriwa, mnyonge zaidi, ndiye amepewa muda nusu. Mabosi wanaosema "subiri kidogo, tunapanga" wanajua kuhesabu.

Binamu alienda leba wiki mbili zilizopita. Aliandikiwa faili, akapewa tarehe, na kampuni imeitwa. Supavaiza alimpigia simu usiku huo huo, sauti imelainika, akimwita "sister" na kuuliza kama anaweza kupokea 10,000 wamalizane. Alikataa. Anadai 29,400.

Kwa komenti nataka hivi: uliahidiwa ngapi, kwa kazi gani, ukalipwa ngapi, na sababu gani ulipewa. Nitaziweka pamoja, niandikie ofisi ya mbunge wetu na wa Kanduyi kuhusu kile kifungu cha 13. Usitaje jina la kampuni. Kashfa ni kesi, inasikizwa vizuri sana huku, na mimi sina wakili.